Mtunza Barabara Namba Tisa

Nchi yenyewe iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji asijikune kabla hajawashwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na mmoja, na ina Barabara Kuu ya Mkoa Namba Tisa, itokayo Ngarawe, makao makuu ya mkoa, hadi Machuo, kilomita themanini na nne. Kila mtoto wa shule katika nchi hiyo anaweza kuichora akiwa amefumba macho. Ukiyafumbua inakuwa ngumu kidogo.

Historia yake ni ndefu na ina heshima. Wakoloni ndio walioianza: Mzungu mmoja mwenye kaptura pana alipima maili kumi na mbili kwa mnyororo, akafa kwa homa, na mnyororo wake ukawa mali ya Serikali. Baada ya uhuru alifika Rais wa Kwanza, akalia hadharani kwa uchungu wa kuona wananchi hawana barabara, akaweka jiwe la msingi. Rais wa Pili aliona jiwe la mwenzake limeelekezwa upande usiofaa, akaweka lake. Rais wa Tatu alikuwa mtu wa vitendo. Yeye hakutaka habari za mawe, aliifungua barabara moja kwa moja. Alikata utepe, kwaya ikaimba, ng'ombe wanne wakaliwa, na tangu siku hiyo Namba Tisa ikahamishwa kutoka Idara ya Barabara Zinazojengwa kwenda Idara ya Barabara Zilizokamilika. Nchi hiyo haina fomu ya kurudisha barabara nyuma.

Njia inakopita nayo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwa miguu, kutoka Ngarawe hadi Machuo ni mwendo wa siku mbili, unashika kusini tu. Lakini wataalamu waliipindisha kidogo mashariki ipite shambani kwa waziri wa wakati huo. Waziri akabadilishwa, ikapindishwa magharibi ipite kwa wakwe wa waziri mpya. Halafu waziri wa zamani akakata rufaa, ikabidi irudi tena mashariki. Kwenye ramani inafanana na utumbo wa mbuzi. Madereva hawakulalamika hata mmoja, na jambo hilo limetajwa bungeni kama ushahidi wa ubora wake.

*

Mahimbo Lugendo alikuwa mtunzaji wa barabara hiyo. Aliajiriwa akiwa na miaka arobaini na mitano, mgane mwenye binti mmoja aitwaye Stumai. Walimchagua kwa sababu mbili: alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wote wa Machuo, na hakuwa mbishi. Walimpa kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi, na daftari kubwa lenye jalada gumu, lililoandikwa juu yake Daftari la Hali ya Barabara. Aliyemkabidhi vitu hivyo alikuwa afisa kijana, Adelardi Pazia, aliyefika siku ya jua kali akiwa na suti mwilini na viatu mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoka kuvuka mto.

"Samahani, bwana mkubwa," Mahimbo alimuuliza, "barabara yenyewe iko wapi?"

"Mzee, wewe umeajiriwa kuitunza," Pazia alimjibu huku akikung'uta soksi. "Hukuajiriwa kuitafuta."

Siku ya kwanza Mahimbo aliandika kwenye daftari: Haipo. Mwisho wa mwezi karatasi zikaenda Ngarawe, zikarudi zimejaa wino mwekundu. Safu ya hali ya barabara, aliambiwa, inapokea majibu matatu tu: Inaridhisha, Nzuri, na Nzuri Sana. Haipo si hali. Mahimbo akakaa barazani na kalamu yake siku nzima, roho ikimsuta. Angeandikaje Inaridhisha wakati yeye mwenyewe hakuridhika? Nzuri Sana nayo ilikuwa kutia chumvi. Akawaza kwamba kitu ambacho hakipo angalau hakina shimo, hakina kokoto, hakina ufa. Akaandika Nzuri, akajiambia kwamba hilo ndilo jibu lenye uongo mdogo kuliko yote matatu.

Kwa miaka kumi na moja aliandika Nzuri. Hakuwahi kuandika Nzuri Sana, hata mwaka ule walipomwahidi cheti, na kwa ajili hiyo alijiona mtu mkweli. Baadaye aliona hakuna haja ya kufungua daftari kila asubuhi. Tarehe mosi ya kila mwezi alijaza siku zote thelathini kwa mkupuo mmoja, kisha akaenda shambani kwake kulima mihogo. Stumai, ambaye wakati huo alikuwa shuleni, ndiye aliyempigia mistari kwa rula.

"Baba, kesho utajuaje kama ni nzuri?" aliwahi kumuuliza.

"Kesho haina tofauti na leo, mwanangu."

Wakacheka wote wawili, maana ilikuwa kweli, na maana mshahara wa Serikali ulikuwa umenunua rula.

*

Miaka kumi na moja ya Nzuri mfululizo si jambo dogo. Habari zake zilifika mji mkuu, zikawafikia wataalamu wa Wizara ya Afya, nao wakapiga hesabu: kwa barabara ya hali hiyo, mgonjwa anatoka Machuo hadi hospitali ya Ngarawe kwa dakika hamsini. Wakatoa Waraka. Waraka ulisema kwamba vituo vya afya vijijini ni haki ya wananchi wasio na barabara, na kwamba wenye barabara waache tamaa. Kwa hiyo kituo cha afya cha Machuo, chenye vitanda vinane na chumba cha upasuaji ambacho wanakijiji walikijenga kwa matofali yao wenyewe, kifungwe, na vifaa vyake viende Ngarawe.

Lori la kuvichukua vifaa hivyo lilikwama kilomita ya tatu kutoka Ngarawe. Basi watu wa Machuo wakaamriwa kuvibeba. Walibeba vitanda, jokofu la chanjo, taa ya upasuaji na meza yake, siku tatu porini, wakivuka mto Lukwambe maji yakiwafika kifuani. Karani aliyeipokea mizigo aliandika kwamba imefika salama kwa njia ya barabara. Aliyetangulia mbele na taa kichwani alikuwa Mahimbo mwenyewe, kizibao mwilini, kwa sababu ndiye aliyetambuliwa kuwa anaijua njia.

Dokta Sekela, mwanamke aliyekuwa mganga wa kituo hicho, aliondoka na msafara wa mwisho. Kabla ya kuondoka alimpima Stumai, ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mumewe yuko machimboni, na mimba yake ina miezi saba. Alipomaliza akamwita Mahimbo pembeni.

"Mzee, mtoto amelala mshazari. Sioni dalili ya kugeuka. Huyu hatajifungua bila kisu. Ukimwacha azalie hapa utawakosa wote wawili, mama na mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Basi mpeleke Ngarawe mapema, akae karibu na hospitali. Au wafanye wanirudishe hapa na meza yangu. Moja kati ya hayo, na usichelewe."

Mahimbo aliyatafakari hayo mawili usiku kucha, na hapa ndipo alipokosea. Angembeba binti yake asubuhi ile ile. Lakini Stumai hakupenda kwenda kukaa miezi miwili kwa watu asiowajua, na Mahimbo alikuwa mtu wa daftari. Aliamini kwamba jambo lililoletwa na kalamu yake, kalamu yake ingeliondoa. Akavaa kizibao, akafunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akashika njia ya Ngarawe kwa miguu kwenda kusahihisha.

*

Ofisini alisubiri siku nne kwenye benchi. Siku ya tano aliitwa ndani. Pazia yule wa viatu mkononi sasa alikuwa Mkurugenzi wa Idara nzima, mwenye kitambi cha kuheshimika na zulia linalomeza kisigino. Mezani alikuwa na rundo la karatasi refu kama matofali matatu. Alikuwa akiandika kitabu cha historia ya Namba Tisa kwa ajili ya jubilei ya miaka hamsini.

"Mzee wetu! Karibu sana. Unajua nimekuweka kitabuni? Ukurasa wa mia mbili na kumi. Nimekuita Nguzo ya Lami."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Nimekuja kuomba ruhusa ya kusahihisha daftari."

"Unataka kuandika Nzuri Sana! Nilijua siku moja utafika tu."

"Hapana, Mheshimiwa. Nataka kuandika kwamba barabara haipo. Ili waturudishie kituo chetu. Binti yangu ana mimba, mtoto amelala vibaya, bila kisu atanifia."

Pazia hakukasirika. Aliinuka taratibu, akafungua kabati, akatoa madaftari kumi na moja, akayapanga mezani moja moja kwa upole kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi hii?"

"Yangu, Mheshimiwa."

"Umeandika Nzuri zaidi ya mara elfu nne. Maana yake barabara ilikuwepo, tena nzuri, ikiwa mikononi mwako. Leo unaniambia haipo. Sawa, mimi si mbishi. Lakini hebu nikuulize kama ndugu yangu: kitu kilichokuwepo, chini ya mlinzi, kisipoonekana, anayeulizwa ni nani?"

Mahimbo aliyatazama madaftari. Jasho lilimtoka mpaka kizibao kikamshika mgongoni.

"Kilomita themanini na nne, mzee," Pazia alisema. "Na daraja lake. Nchi hii watu wanafungwa kwa kuku."

Mahimbo alimwona Stumai peke yake nyumbani, mume hayupo, baba yuko gerezani, na nani wa kumbeba. Aliogopa. Niseme tu alivyokuwa: aliogopa hadi jibu alilokuwa nalo mdomoni akalimeza.

"Labda ni macho yangu, Mheshimiwa. Yamezeeka."

"Umri huo," Pazia alikubali. Akampa kalenda ya Idara yenye picha ya barabara ya nchi nyingine, akampigia saluti, akarudi kwenye historia.

Njia nzima ya kurudi Mahimbo alijichukia. Siku tisa zilikuwa zimeliwa bure. Alikata shauri kwamba akifika tu atatafuta watu, wamchukue Stumai na kitanda chake, wampeleke Ngarawe apende asipende.

*

Alifika jioni. Kesho yake asubuhi Stumai alikuwa barazani akichambua mchele, chupa ya uzazi ikapasuka, wiki nyingi kabla ya wakati wake. Mchele ukamwagika wote.

Mangwela, jirani yao, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache, alikusanya wanaume watano. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakapitisha miti miwili, wakanyanyua. Jua lilikuwa halijawa kali. Walikwenda kwa mwendo wa haraka, wakipokezana bila kusimama, na mara moja tu walimtua kwenye jiwe la msingi la Rais wa Pili, ambalo lilikuwa limesimama peke yake kwenye majani marefu na kukaliwa na mijusi. Stumai alikuwa akiuma upindo wa kanga ili asipige kelele mbele ya wanaume.

Saa sita mchana walifika mto Lukwambe, na mto ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yamekuwa mekundu na yanakokota magogo. Hapo ndipo, kwa mujibu wa vitabu, pana Daraja la Mshikamano, lenye nguzo sita na taa pande zote mbili. Mangwela alijifunga kamba kiunoni akaingia. Hakufika hata robo, maji yakamwinua, wenzake wakamvuta akiwa ametapika matope. Akajaribu tena upande wa juu, ikawa vile vile. Ikabidi wakae wangoje maji yapungue.

Maji hayakupungua. Mahimbo alikuwa amempakata binti yake kichwa, akimpepea kwa kizibao.

"Baba," Stumai aliita, macho ameyafumba. "Tumefika darajani?"

Mahimbo alitazama maji. Wale wanaume sita wakatazama chini.

"Bado kidogo, mwanangu. Pumzika."

"Tukifika uniamshe. Nataka nilione."

"Nitakuamsha."

Alifariki kabla ya alasiri, na mtoto akiwa tumboni. Hilo la kumwamsha ndilo lililokuwa neno la mwisho aliloambiwa na baba yake, na lilikuwa uongo, tena ule ule wa siku zote, mdogo, wa kutuliza, uliosemwa kwa sauti nzuri. Mahimbo alilijua hilo papo hapo, kabla hata hajaanza kulia. Walimgeuza, wakarudi naye Machuo, wakamzika yeye na mtoto wake katika kaburi moja.

*

Sheria ya nchi ile inataka kila kifo kiandikiwe mahali kilipotokea. Mtendaji wa kijiji, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na fomu moja tu, aliandika: Darajani, kilomita ya sitini na mbili. Fomu ilipofika Ngarawe, Idara nzima ilishangilia.

Lazima nieleze sababu, kwa maana watu wa Idara si makatili. Mataifa rafiki yaliyotoa msaada wa kujenga Namba Tisa yalikuwa yameanza kuuliza maswali. Yaliuliza imekuwaje barabara kuu itumike miaka mingi bila ajali hata moja. Kitabu cha Pazia kilikuwa na sura kumi na mbili, na ya kumi na mbili, iitwayo Matumizi, ilikuwa karatasi tupu. Sasa Mungu alikuwa amewapatia marehemu.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi helikopta ilishuka Machuo, ikang'oa nyasi za mapaa mawili. Pazia alishuka na askari wawili, mpiga picha, na shada la maua ya plastiki. Walimkuta Mahimbo mahali alipokuwa akishinda tangu msiba: amekaa kwenye ngazi ya kituo cha afya kilichofungwa, mbele ya mlango ambao juu yake palikuwa pamebandikwa Waraka. Watu walidhani amechanganyikiwa, kwa sababu kila siku alikuwa akiusoma ule Waraka kuanzia juu hadi chini.

"Pole sana, mzee wetu," Pazia alisema, akiwa amevua kofia. "Msiba huu si wako peke yako, ni wa taifa. Nasi tumeona binti yetu asipotee hivi hivi." Akatoa karatasi. "Utie sahihi hapa tu. Nakusomea. Aina ya tukio: ajali ya barabarani. Mahali: Daraja la Mshikamano. Chanzo: mwendo kasi."

"Mwendo kasi wa nini?"

"Wa chombo cha usafiri."

"Kilikuwa kitanda, Mheshimiwa. Kitanda cha kamba."

"Chombo ni chombo, mzee. Usiingie kwenye mambo ya kitaalamu." Pazia alichuchumaa, suti na yote, akashusha sauti. "Fikiria. Ajali ya kwanza katika historia ya Namba Tisa. Jina lake litasomwa na wajukuu wa wajukuu. Barabara ambayo haijamuua mtu, nani ataamini kwamba ina magari?"

Wanakijiji walikuwa wamesogea. Mahimbo aliichukua karatasi, akaisoma yote, kisha akamrudishia.

"Mwanangu amefia ukingoni mwa mto, akingoja maji yapungue. Hakuna daraja. Hakuna barabara. Haikuwahi kuwepo hata siku moja."

Pazia alisimama. Aliangalia wanakijiji, akamwangalia mpiga picha, ambaye alishusha kamera.

"Mzee, unakumbuka tulichozungumza ofisini?"

"Kila neno."

"Unakumbuka nani anayeulizwa?"

"Ni mimi," Mahimbo alisema. Akanyoosha mikono yake miwili mbele ya askari. "Nilikabidhiwa barabara ya Serikali, kilomita themanini na nne na daraja lake, na sasa haipo. Niandikieni kosa hilo. Lakini mliandike vizuri, kwa ukamilifu, msije mkafupisha."

Hakuna mtu aliyewahi kuomba hivyo, na Pazia alikasirika mno hata asijiulize kwa nini. Helikopta ilikuwa imejaa, kwa hiyo askari wawili walimchukua mfungwa kwa miguu. Mto walivuka kwa kushikana mikono, na aliyewaonyesha pa kukanyaga alikuwa mfungwa.

*

Kesi ilivuta watu wengi. Kutoka Machuo walitembea siku mbili, watu arobaini, wakajazana nyuma ya mahakama na miguu yao yenye tope. Hati ya mashtaka ilisema mshtakiwa, akiwa mtumishi wa umma, amepoteza kwa uzembe Barabara Kuu ya Mkoa Namba Tisa.

Ili mtu afungwe kwa kupoteza kitu, yapasa kwanza ithibitishwe kwamba kitu hicho kimepotea. Mwendesha mashtaka alijua kazi yake. Alileta wapimaji watatu wa Serikali, wakala kiapo, wakaeleza kwamba wametembea kutoka Ngarawe hadi Machuo na hawakuona lami, changarawe wala mfereji. Alileta fundi mkuu wa madaraja, akaapa kwamba katika mto Lukwambe hakuna nguzo hata moja. Mwisho akamwita Pazia mwenyewe.

"Shahidi, wewe ni Mkurugenzi wa Idara. Iambie mahakama: barabara hii leo iko wapi?"

"Haipo, mheshimiwa hakimu," Pazia alisema kwa sauti ya uchungu, huku akimnyooshea Mahimbo kidole. "Nathibitisha mbele ya mahakama hii kwamba haipo kabisa! Mtu huyu ametuachia pori!"

Nyuma watu wa Machuo waliguna. Hakimu, mzee mwenye miwani mizito, aligeukia kizimbani.

"Mshtakiwa, unasemaje?"

"Nakiri, mheshimiwa."

"Unakiri umepoteza barabara?"

"Haipo, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema ipo. Sina utetezi."

Basi hakimu akaandika hukumu, akaisoma: "Mahakama imeridhika, pasipo shaka yoyote, kwamba kati ya Ngarawe na Machuo hakuna barabara. Mshtakiwa atatumikia kifungo cha miaka kumi na moja." Akauliza kama mfungwa ana la kusema.

"Ninalo moja, mheshimiwa. Naomba pale kwenye hakuna barabara pasomwe tena. Kule nyuma hawakusikia."

Hakimu akasoma tena. Kisha Mahimbo akaomba nakala yenye muhuri, kama ilivyo haki ya kila mfungwa, karani akampa. Aliinyoosha juu ya vichwa vya askari hadi mikononi mwa Mangwela.

"Ipeleke Wizara ya Afya," alimwambia. "Waambie wasome na Waraka wao. Wananchi wasio na barabara."

Pazia, aliyekuwa akifunga mkoba wake, aliinua uso. Alimtazama hakimu, akautazama muhuri, akarudi kwenye mkoba wake. Hapo Mahimbo alishushwa ngazi, na watu wa Machuo walimwona akitembea wima.

*

Serikali ya nchi ile inaheshimu sana mahakama. Iliunda Tume ya Kuitafuta Barabara, yenye wajumbe kumi na tisa, nayo ikaanza kazi kwa kuitafuta nchi za nje, ambako barabara zinapatikana kwa wingi. Kitabu cha historia kilichapishwa kama kilivyo, kwa sababu karatasi zilikwisha kununuliwa, na Pazia akapewa nishani ya uandishi.

Na kwa kuwa Waraka ni Waraka, mwezi wa tano baada ya hukumu vitanda vinane, jokofu, taa na meza vilirudishwa Machuo, porini, vichwani mwa watu wale wale. Dokta Sekela alivuka mto akiwa amebebwa mgongoni na Mangwela.

Mangwela alikuja gerezani kumpa Mahimbo habari. Walizungumza dirishani, nondo katikati.

"Mkamwana wangu amejifungua wiki iliyopita," alisema. "Palepale kituoni. Kwa kisu."

"Mtoto alikuwa amelala vipi?"

"Mshazari."

"Na mama yake?"

"Mzima. Anakula uji, anagombana na mume wake."

Mahimbo alifurahi. Alifurahi kwelikweli, mpaka akacheka, kisha furaha ile ile ikamgeuka, kwa sababu aliona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi: meza, taa, na mwanamke mmoja aliyesomea kazi yake. Alishika nondo, akalia bila kujificha, na Mangwela alisimama pale akimngoja kama walivyongoja mtoni. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati la mfungwa. Akamwambia Mangwela aondoke sasa, asichelewe, maana hadi Machuo ni siku mbili kwa miguu.